Karatasi Niliyoilisha Mashine

Mwezi uliopita mwanangu wa pili alileta nyumbani mashine ya kukata nyasi, ile ya kukaliwa kama trekta ndogo. Ilikuja ndani ya sanduku la mbao, na mchana kutwa yeye na wanawe walihangaika nayo uani. Huyu anashika usukani, yule anatafuta nati iliyoangukia kwenye nyasi, na baba yao anabonyeza magurudumu kwa kidole gumba kujua kama yana upepo wa kutosha. Mimi nilikuwa kwenye kiti changu karibu na mlango. Walipoiwasha na kuizungusha mara moja, harufu ikanifikia: petroli, chuma kilichoanza kupata moto, na majani mabichi. Nikajikuta naangalia kidole changu cha shahada cha mkono wa kushoto, ambacho ncha yake ni bapa, kama iliyopigwa randa.

"Mzee, inaacha mistari," mwanangu akaniita. "Ungekuwa wewe ungeanzia wapi?"

"Tafuteni karatasi," nikasema.

Wakacheka wote watatu. "Kugo, hii si ya karatasi," mjukuu akaniambia, maana kwetu babu ni kugo. "Kisu chake kinazunguka kama feni."

Nikarudi ndani. Walidhani nimeudhika. Sikuwa nimeudhika. Nilikuwa nimemkumbuka Barasa.

Wale wa umri wangu waliokulia kwenye nyumba za wafanyakazi watanielewa nikisema kwamba mtoto wa kule alikua akiona mambo mengi na kuelezwa machache. Tulikuwa na chumba kimoja cha mabati nyuma ya nyumba kubwa ya Mzungu, kwenye mteremko unaopanda kwenda Dundori. Chini kabisa Nakuru ilionekana, na moshi wa treni, na ziwa. Ziwa lilikuwa na wekundu ukingoni, na mimi niliamini kwamba limeshika kutu, kama karai la mama. Hakuna aliyeniambia kwamba ni makundi ya ndege. Sikuuliza pia.

Baba alikuwa mkata nyasi. Uwanja wa nyumba kubwa ulikuwa mpana, na Bwana aliutaka uwe laini kama kitambaa cha meza. Tulimwita Bwana Upesi, kwa sababu neno hilo ndilo alilolijua zaidi katika Kiswahili. Wakata nyasi walikuwa wanne. Asubuhi moja, miaka ile ya hali ya hatari, lori la askari lilikuja na wawili wakapandishwa nyuma na vikapu vyao. Niliuliza wameenda wapi, mama akanijibu, "Kwao," na akanituma maji. Haukupita muda mrefu, lori lingine likaja kutoka stesheni, likateremsha sanduku kubwa la mbao. Mimi nikaunganisha mambo kama mtoto anavyounganisha. Wametoa watu wawili, wakapewa sanduku.

Waliobaki ni baba na Barasa. Barasa alitoka upande wa magharibi, karibu na mpaka, na chumba chake kilipakana na chetu, hata akikohoa tulimpa pole kupitia ukutani. Alikuwa mtu wa mzaha. Mimi alinipenda. Alinichongea gari la mti wa mwerezi, lenye usukani unaozunguka kweli. Siku ile alilizunguka lile sanduku mara mbili, mikono nyuma.

"Arap Too," akamwambia baba, "wametuletea jeneza."

"La nani?"

"Langu au lako. Huoni lina nafasi ya mtu mmoja?"

Walicheka, lakini nikaona baba ameacha kucheka kabla ya Barasa.

Ndani mlikuwa na mashine ya kijani, yenye ngoma ya visu vilivyopinda mbele na injini juu yake. Nyuma yake kulikuwa na kiti cha chuma kilichofungwa juu ya gurudumu pana, ili mtu akae akivutwa huku akishika mikono miwili ya usukani. Bwana alisimama mbele yao akiwa ameshika kitabu cha maelezo.

"Kiti moja, mtu moja," akasema. "Nani najua injini?"

"Mimi, Bwana," baba akasema. "Longonot nilikuwa na injini ya maji miaka mitatu. Niko na barua ya Bwana wa kule."

"Na mimi, Bwana, nimeendesha trekta," Barasa akasema.

"Wewe iko na barua?"

"Barua sina. Nina mikono."

"Mikono kila mtu iko nayo." Bwana akafunga kitabu. "Too natengeneza mpaka Ijumaa. Jumamosi naleta barua, nakata majani, mimi naangalia. Kama mzuri, nakaa. Kama mbaya, Barasa najaribu. Ile ingine nakwenda."

Chumba kilikwenda pamoja na kazi. Hilo nililijua hata mimi, kwa sababu mama alikuwa amechimba mashimo ya viazi nyuma ya nyumba, na siku ile akaacha mbegu ndani ya gunia. "Tungoje Jumamosi," akasema. Mashimo yakabaki wazi wiki nzima, kuku wakayaogea.

Juma lile baba alishinda kwenye mashine. Alikaza kiti, akatia oili, akapaka grisi kwenye mnyororo. Alilala kifudifudi akaweka ufito ulionyooka chini ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, ili aone kisu cha chini kimepanda kiasi gani kutoka ardhini. Kisha ikaja kazi ya karatasi, na ndiyo iliyonichanganya kichwa.

Katika mashine zile, ngoma ya visu huzunguka ikikipapasa kisu kimoja kilicholala chini, na nyasi hukatwa pale vinapokutana, kama ilivyo kwa mkasi. Vikiachana kidogo tu, nyasi huinama na kuachwa. Vikibanana, chuma hula chuma. Kipimo chake ni karatasi. Bwana alichana kipande cha gazeti, akakiingiza katikati na kuzungusha ngoma kwa mkono. Tss. Karatasi ikaanguka vipande viwili. "Sasa nasikia," Bwana akasema, akampa baba gazeti na kuondoka.

Baba akajaribu. Upande wa kulia karatasi ilikatika, upande wa kushoto ikajikunja tu na kutoka nzima. Akakaza skrubu ya kushoto, ikawa kulia ndiko hakukati. Alifanya hivyo Jumanne, Jumatano na Alhamisi, na mimi nikichuchumaa pembeni nahesabu vipande. Ikiwashwa, iliacha mistari ya nyasi ndefu kama ndevu zilizosahauliwa. Bwana alitoka barazani mara moja, akaangalia, akasema, "Kinyozi mlevi," akarudi ndani.

"Mbona inakula ya Bwana, yako inakataa?" nilimwuliza baba.

"Bado hatujazoeana," akanijibu. Alisema hivyo kwa kunifurahisha tu, nadhani.

Lakini mimi nilijua maana ya kuzoeana. Kwetu, ng'ombe mgeni akiletwa boma, mwenyewe hutia chumvi kwenye kiganja na kumlambisha, siku ya kwanza na ya pili, mpaka amjue. Asipolambishwa chumvi na mwenyewe, hukataa kukamuliwa na hurudi njia aliyokuja nayo. Nilikuwa nimeshuhudia hilo kwa macho yangu kwa babu. Na chumvi lazima iwe ya mwenye ng'ombe. Ya kuazima haifai, kwa maana ng'ombe atamfuata aliyeazimwa.

Basi nikafikiri, na hata leo nikiyarudia mawazo yale naona yalikuwa na mpango wake. Mashine ilikuwa ikilambishwa karatasi. Karatasi ilikuwa gazeti, na gazeti lilikuwa la Bwana. Ndiyo maana ilimjua Bwana na kumkataa baba. Ilihitaji karatasi ya baba.

Baba alikuwa na karatasi moja. Ilikaa kwenye mkebe wa biskuti chini ya kitanda, imefungwa kwa kitambaa cheupe. Sikuwa nimeanza shule, lakini aliwahi kunionyesha jina lake juu yake kwa ncha ya ukucha. Lilikuwa na nguzo yenye dari, kisha macho mawili. "Huyu ndiye mimi," akaniambia. Nilisikia wakubwa wakisema kwamba Jumamosi baba ataipeleka barua kwa Bwana. Kwa nini ipelekwe kwa Bwana, wakati anayekataa ni mashine? Niliona wamekosea. Niliona nitawasaidia.

Ijumaa adhuhuri baba alikuwa ameketi kivulini anakula, kanipa mgongo, na mama alikuwa jikoni, kile kibanda cha nje. Nikachukua barua. Nikaikunja mara tatu, nikaiingiza kwa mkono wa kushoto na kuzungusha ngoma kwa wa kulia. Mwanzoni ilikwama. Nikasukuma zaidi. Tss, tss, tss. Vipande vyembamba vikarukia kwenye sanduku la kukusanyia nyasi, na macho mawili ya baba yakaenda navyo, moja kwanza, la pili baadaye. Nikaiambia mashine kwa sauti ya chini, kama babu alivyomwambia ng'ombe, "Huyu ni Too. Umjue." Kipande cha mwisho kilikuwa kifupi kuliko nilivyodhani, na kisu kikachukua na ncha ya kidole changu.

Sikulia. Nilifuta damu kwenye kisu kwa jani, nikakimbilia nyuma ya nyumba na kufunga kidole kwa kitambaa kile cheupe. Mama aliponiona nikamwambia nimejikata kwa fyekeo. Akaniosha kwa maji ya chumvi na kunitukana kidogo.

Alasiri ile baba akakaza skrubu robo ya mzunguko. Akaiwasha. Mashine ikapita uwanjani na kuacha nyuma yake njia safi kama kichwa kilichonyolewa kwa wembe. Baba akazima, akashuka, akainama na kupapasa nyasi kwa kiganja. Kisha akapiga mluzi. Sikuwahi kumsikia akipiga mluzi. Nikajua chumvi imekubaliwa.

Jioni, jua likiwa bado kwenye vilele vya milima, alifungua mkebe.

"Nani aliingia humu?" akamwuliza mama.

"Hakuna. Barasa tu, mchana. Alikuja kuomba chumvi. Nilimwacha mlangoni nikaenda jikoni kumpimia."

Baba akatoka nje, mama nyuma yake. Barasa alikuwa kwenye kizingiti chake anamenya viazi vitamu.

"Barasa, nipe barua yangu."

"Barua gani tena? Mimi ni posta?"

"Mchana uliingia kwangu."

"Niliomba chumvi, ndugu yangu. Barua yako niifanyie nini? Sijui a wala be."

"Hujui kusoma," baba akasema, "lakini kuchoma unajua."

Barasa akaweka kisu chini. Nakumbuka uso wake ulivyobadilika polepole, kama mtu anayengoja mwenzake aseme kwamba alikuwa akitania. Kisha akanigeukia mimi, niliyekuwa nimesimama kati ya milango miwili, kidole kikinipwita.

"Kijana wangu, wewe unashinda hapa. Uliniona nikishika kitu cha baba yako?"

Wote watatu wakaniangalia. Sikuelewa kwa nini wanagombana. Barua haikupotea, ilikuwa imefanya kazi. Mashine si ilikuwa imekata? Lakini baba alikuwa anatetemeka, na mtu aliyefurahi hatetemeki. Nikahofu kwamba nikisema, itanilazimu kuitoa mle kwenye mashine, na ikitolewa mashine itamsahau baba, na mashimo ya viazi yatabaki wazi. Tena niliogopa kupigwa. Siwezi kusema leo ni kipi kilikuwa kikubwa zaidi.

"Sijui," nikasema.

Baba akamwangalia Barasa. "Umesikia? Mtoto hataki kukuaibisha."

Jumamosi asubuhi walisimama mbele ya Bwana, na mimi nikiwa nyuma ya ua wa maua. Baba akasema barua imeibwa, akasema na jina. Barasa alivua kofia akaapa kwa mama yake. Bwana hakupaza sauti. Alitazama saa yake, akaitazama mashine, kisha akamtazama Barasa.

"Mwizi hapana kaa hapa. Leo leo. Upesi."

Baba akapanda kile kiti. Alikata uwanja wote, akienda na kurudi, mgongo umenyooka, na Bwana akatikisa kichwa kwa kuridhika na kuingia kunywa chai. Kule kwenye lango la chini Barasa alikuwa anafunga godoro kwenye baiskeli kwa kamba, na kamba ilikuwa fupi, ikawa anafunga na kufungua.

Sanduku la nyasi likajaa. Baba akalibeba mpaka kwenye shimo la mboji na kulimwaga. Akainama kulikung'uta, asiinuke. Alikaa ameinama muda mrefu sana, akichambua nyasi kwa vidole. Mimi nilidhani anazinusa. Zilikuwa na harufu nzuri. Kisha akainua kichwa, akatazama langoni. Barasa alikuwa bado yupo. Sauti ingemfikia, hata sauti yangu mimi. Baba akatazama langoni, akatazama chumba chetu, akatazama langoni tena. Halafu akachukua uma wa shamba, akasukuma nyasi zote chini shimoni na kufukia kwa udongo, jambo ambalo hawakuwa wakilifanya mpaka shimo lijae.

Barasa akasukuma baiskeli, akatoweka kwenye kona. Mama akaanza kupanda viazi siku ile ile.

Jioni baba aliniita, akaketi kitandani na kunivuta katikati ya magoti yake. Akafungua kidole changu taratibu. Kitambaa kilikuwa kimeganda damu. Akakiangalia kile kitambaa, upande huu na upande huu. Akaangalia kidonda.

"Umesema fyekeo?"

"Ndiyo, baba."

"Fyekeo halikati hivi," akasema. Akakifunga upya, vizuri zaidi kuliko mama, akanitoa nje nikacheze. Hakulizungumzia tena mpaka anakufa, na mimi pia. Sijui kama aliviona vile vipande. Nimejaribu kuamini kwamba hakuviona, nimejaribu pia kuamini kwamba aliviona, na kwa vyovyote vile mzigo hauniondokei. Si yeye aliyeulizwa. Aliyeulizwa ni mimi.

Baba alikalia kiti kile miaka mingi. Mshahara wake ndio ulionipeleka shule, na ndio uliolipia sekondari. Siku moja, nikiwa karibu kumaliza, nilipata pancha mjini Nakuru, nikasukuma baiskeli hadi kwa fundi aliyekuwa akifanya kazi chini ya ukuta karibu na reli. Nywele zake zilikuwa zimeanza kuwa nyeupe. Alinitazama tai, akanitazama uso.

"Wewe si wa arap Too? Nilikuchongea gari."

Nikamwamkia.

"Baba hajambo? Bado anakalia jeneza?" Akacheka peke yake. Akaingiza mpira kwenye karai la maji, akangoja mapovu. Kisha akauliza bila kuniangalia, "Ile barua ilipatikana?"

Sasa sikuwa mtoto tena, na nilijua karatasi ni nini na mashine ni nini. Nilijua pia kwamba neno moja tu lingemtosha, na kwamba tai niliyovaa ilinunuliwa kwa kiti alichokosa. Nilikuwa na nafasi yote, mchana kweupe, watu wawili na karai la maji.

"Haikupatikana," nikasema.

Barasa akakausha mpira kwa kitambaa, akaukwaruza na kupaka gundi. "Mimi nilikuja kuomba chumvi tu," akasema. "Mama yako mwenyewe alinipimia." Akanirudishia baiskeli na kunitakia safari njema.

Nilirudi pale miaka mitatu baadaye, nikiwa na maneno tayari. Ukuta ulikuwa umebomolewa. Niliuliza mafundi wengine, mmoja akasema alirudi kwao, mwingine akasema alifariki. Sikufuatilia zaidi ya hapo, na hilo nalo ni langu.

Jana mwanangu alimaliza kurekebisha ile mashine. Inakata vizuri sasa, haiachi mstari hata mmoja. Alifuta kiti kwa mkono wa shati lake, akasema, "Mzee, njoo ukae, wewe ndiye wa kwanza." Wajukuu wakapiga makofi. Niliwaambia siwezi, mgongo unaniuma.

Mgongo wangu hauna neno.